Kuzungumzia Majenerali na Marais wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani Mbele ya Watu: Mwongozo Kamili

Mara ya kwanza kusimama mbele ya watu kuzungumzia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, nilianzia pale Abraham Lincoln, rais wa upande wa Kaskazini, alipozaliwa. Ilikuwa katika ukumbi wa maktaba moja hapa Kentucky. Wengi waliokuja walikuwa Wakongomani wa Kivu na Katanga, Warundi kadhaa, Watanzania na Wakenya wachache. Dakika ya ishirini nilikuwa bado sijaufikia mwaka 1861, vita vilipoanza kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "ule jenerali aliyeshindwa, walimufanya nini?"

Jibu lake nilikuwa nimeliweka mwisho kabisa wa karatasi zangu. Kwa mzee huyu, swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Nimeongoza mazungumzo mengi ya aina hiyo tangu siku ile, na mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanahistoria au mtu wa maktaba anayetaka kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Ninachokiamini nakisema mapema: uongozi wa vita haueleweki kwa kumtazama kiongozi peke yake. Kila uamuzi una aliyeuamua na aliyeulipia, na wote wawili wanastahili nafasi mbele ya wasikilizaji.

Hatua ya 1: Chagua uamuzi, usichague mtu

Ukimchagua mtu, utajikuta unasimulia wasifu, na wasifu huvuta ama kwenye sifa ama kwenye lawama. Chagua uamuzi mmoja wenye tarehe. Vita hivi vimejaa maamuzi ya namna hiyo. Novemba 1862 Lincoln alimwondoa Jenerali George McClellan. Juni 1863 Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, aliamua kulipeleka jeshi lake Pennsylvania. Mei 1864, baada ya mapigano mabaya ya msituni huko Wilderness, Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini, alikataa kurudi nyuma kama walivyofanya waliomtangulia, akaendelea kusini. Julai 1864 rais wa Kusini, Jefferson Davis, alimwondoa Jenerali Joseph Johnston huku adui akiwa mlangoni mwa Atlanta.

Uamuzi mmoja unatosha saa moja na nusu. Ukiweka mitatu hutamaliza hata mmoja.

Kisha orodhesha kwenye karatasi mambo ambayo kiongozi huyo alikuwa anayajua siku ile, na pembeni yaandike yale tunayoyajua sisi leo. Simama upande wa kwanza wa karatasi kwa muda mrefu kadiri uwezavyo. Wasikilizaji huwahi kutoa hukumu kwa sababu wanajua mwisho wa hadithi, na kazi yako ni kuwarudisha mahali ambapo mwisho haujulikani.

Hatua ya 2: Fika na waraka mkononi

Nyaraka za vita hivi hazihitaji tiketi ya ndege. Kumbukumbu rasmi za majeshi yote mawili, yaani amri, ripoti na telegramu, zilichapishwa na serikali kati ya 1880 na 1901 katika majuzuu 128, na zinasomeka bure kwenye intaneti. Barua za Lincoln ziko Maktaba ya Kongresi, nazo zimewekwa wazi.

Kabla hujautegemea waraka, jiulize uliandikwa lini na uliandikiwa nani. Grant aliandika kumbukumbu zake akiwa anakufa kwa saratani ya koo, akamaliza siku chache tu kabla ya kufariki Julai 1885. Ni maandishi ya mtu mkweli kwa kiasi kikubwa, na humo anakiri kwamba shambulio la mwisho la Cold Harbor, huko Virginia, alilijutia siku zote. Lakini ni miaka 20 baadaye. Davis naye aliandika majuzuu mawili yaliyotoka 1881, akijitetea ukurasa kwa ukurasa. Ripoti iliyoandikwa jioni ya mapigano ina kasoro zake, ila angalau haijajua nani atashinda.

Waraka ninaoupenda kuliko yote ni barua ambayo haikutumwa. Julai 1863, baada ya ushindi wa Gettysburg, Jenerali George Meade wa Kaskazini alimwachia Lee avuke mto Potomac na jeshi lake. Tarehe 14 Lincoln alimwandikia Meade barua yenye uchungu mwingi, akimwambia kwamba fursa ya dhahabu imepotea na yeye amefadhaika kupita kiasi. Kisha akaiweka. Juu ya bahasha aliandika kwamba barua hiyo haikutumwa wala kusainiwa. Isome kwa sauti, halafu waulize watu: kiongozi huyu alikuwa dhaifu, au alikuwa na busara? Nimeona ukumbi ukigawanyika katikati, na pande zote mbili zina hoja.

Hatua ya 3: Tafuta maneno yako mapema

Hapa ndipo wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanapoanguka, na wanaanguka kwa kutafsiri haraka. Hesabu za hasara ("casualties") katika vitabu vya Kiingereza hujumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea. Mtu akilitafsiri neno hilo kuwa "waliokufa" anawaua watu ambao walirudi kwao. Kwenye mapigano ya Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, jumla ya hasara ilikuwa kama 23,000 kwa siku moja. Waliouawa papo hapo ni kama 3,600. Gettysburg jumla inakadiriwa 51,000 kwa siku 3, waliouawa wakiwa zaidi kidogo ya 7,000. Kwa vita vyote, hesabu ya zamani ya vifo ni 620,000. Mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker, kwa kutumia takwimu za sensa, alikadiria kama 750,000. Theluthi mbili hivi ya vifo vilitokana na maradhi. Watu wa kambi za wakimbizi hawashangai wakiambiwa kwamba kuhara kuliua kuliko risasi, na hapo utaona vichwa vikiitikia.

Vyama navyo vinachanganya. Chama cha Republican cha 1860, chama cha Lincoln, kilizaliwa kupinga kuenea kwa utumwa, na msikilizaji anayekijua cha leo ataunganisha mambo yasiyoungana. Mwambie mapema, sentensi mbili zinatosha. Kwa pande za vita, mimi hutumia "Kaskazini" au "Muungano" na "Kusini" au "majimbo yaliyojitenga", na siyabadilishi katikati ya mazungumzo.

Hatua ya 4: Taja utumwa kabla hujataja jenerali yeyote

Kuna desturi ya muda mrefu, iliyojengwa na watu wa Kusini baada ya kushindwa, ya kuwazungumzia majenerali kama wachezaji wa bao: huyu alizunguka kushoto, yule aliwahi daraja. Ukiianza hivyo, suala la vita vilipiganiwa nini halitapata tena mlango wa kuingilia.

Huna haja ya kubishana. Wasomee wenyewe walivyosema. Tamko la Mississippi la kujitenga linasema wazi kwamba msimamo wao umefungamana kabisa na taasisi ya utumwa. Machi 1861, huko Savannah, makamu wa rais wa Kusini, Alexander Stephens, alitangaza kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe. Dakika tatu zinatosha. Baada ya hapo, kila ustadi wa Lee utakaouzungumzia utabaki na swali lake: ustadi huo ulitumikia nini?

Kama wasikilizaji wako ni wa pwani, una mlango mwingine mzuri wa kuingilia. Chukua kipande cha merikani. Kitambaa hicho kilikuja Zanzibar na meli za Marekani, kikiwa kimefumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika sokoni, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Februari 1864 meli ya kivita ya Kusini, Alabama, iliyokuwa ikichoma meli za biashara za Kaskazini, ilitia nanga Nzuwani, Komoro, kuchukua chakula. Kipande cha nguo kinapopita mkono kwa mkono, hakuna tena anayeuliza vita hivi vinatuhusu nini.

Hatua ya 5: Waweke jenerali na mwanasiasa meza moja

Majenerali wengi husimuliwa kana kwamba siasa ni kelele zinazowasumbua kazini. Katika vita hivi siasa ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mfano wa hapa Kentucky: Agosti 1861 Jenerali John Frémont alitangaza kuwaacha huru watumwa wa waasi wa Missouri. Lincoln akaibatilisha amri hiyo Septemba. Kentucky, jimbo la watumwa lililokuwa bado halijajitenga, lilikuwa linapepesuka, na aliandika kwamba kulipoteza ni karibu sawa na kuupoteza mchezo wote. Wasikilizaji wengine watasema alikuwa sahihi, wengine watasema aliwauza watu. Waache waseme.

Ulinganisho wa Lincoln na Davis nao una faida, ukiutumia kwa uangalifu. Wote wawili walizaliwa Kentucky, chini ya mwaka mmoja kati yao. Davis alisomea ujeshi West Point, alipigana Mexico, alikuwa waziri wa vita. Lincoln alikuwa amekaa jeshi la mgambo miezi michache mwaka 1832, na akiwa rais aliazima vitabu vya mbinu za kivita Maktaba ya Kongresi akavisoma usiku. Inavutia kumaliza hapo kwa kusema kwamba aliyejifunza alimshinda aliyejua. Usiharakishe: Kusini ilikuwa na watu kama milioni 9, milioni 3.5 kati yao watumwa, na Kaskazini kama milioni 22. Kiongozi hupimwa pamoja na alichopewa.

Sasa zoezi ambalo sijawahi kuliona likishindwa. Tarehe 23 Agosti 1864 Lincoln aliingia kwenye kikao cha mawaziri na karatasi iliyokunjwa na kubandikwa gundi, akawaomba wasaini mgongoni bila kuisoma. Wote wakasaini. Mimi huandaa karatasi kama hiyo nyumbani. Naikunja, naibandika, naizungusha ukumbini pamoja na kalamu, nikiomba kila mtu asaini nyuma. Sisemi kilichomo.

Kelele za ukumbi hubadilika mara moja. Wengine husaini wakicheka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliisukuma pembeni: "Mimi sisaini kitu sijakisoma. Nilisaini makaratasi ya kutosha kambini." Nilimshukuru, kwa sababu alikuwa ameuleta mezani uzito ambao mimi ningehangaika kuueleza: unampa kiongozi nini unapomwamini bila kuona?

Wakimaliza, simulia hali ya juma lile. Grant amekwama nje ya Petersburg, Virginia, baada ya wiki sita za mapigano zilizomgharimu watu kama 55,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. William Sherman amekwama nje ya Atlanta. Uchaguzi ni Novemba. Wakubwa wa chama chake wanamwambia Lincoln atashindwa, na wengine wanamsihi alegeze sharti la kukomesha utumwa ili amani ipatikane. Siku nne kabla ya kikao, amemwita Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, akamwomba apange namna ya kuwatorosha watumwa wengi iwezekanavyo kabla serikali haijabadilika.

Wagawe watu wanne wanne, wape dakika kumi: ungeahirisha uchaguzi? Ungeachia sharti la utumwa? Ungebadilisha jenerali? Usiwaambie kitu kuhusu Atlanta. Ulimi ukikuteleza hapa, zoezi limekwisha.

Ndipo ufungue karatasi na kusoma. Lincoln aliandika kwamba inaelekea sana serikali yake haitachaguliwa tena; kwa hiyo itakuwa wajibu wake kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla ya siku ya kuapishwa, kwa kuwa huyo atakuwa ameshinda kwa ahadi ambazo hazitamruhusu kuuokoa baadaye. Siku nane baada ya kikao, chama cha upinzani kikamteua McClellan, jenerali yuleyule aliyefukuzwa. Tarehe 2 Septemba Atlanta ikaanguka. Novemba Lincoln akashinda, na askari wengi waliopiga kura walimpigia yeye, wakijua kwamba kura hiyo inawarudisha mstari wa mbele.

Baada ya kusoma, nyamaza kidogo. Wanaotoka nchi ambako uchaguzi uliahirishwa kwa sababu ya vita watazungumza wenyewe.

Hatua ya 6: Mlete aliyelipa

Kilomita thelathini hivi kusini mwa Lexington kuna mahali panaitwa Camp Nelson. Zaidi ya wanaume weusi 10,000 walijiandikisha jeshini hapo, kati ya 180,000 hivi waliolitumikia jeshi la Kaskazini. Mwanaume akivaa sare alikuwa huru. Mkewe na watoto hawakuwa, kwa sababu Tangazo la Ukombozi la Januari 1863, lililowatangaza huru watumwa wa maeneo yaliyoasi, halikuligusa jimbo la Kentucky ambalo halikuasi. Familia zikawafuata waume zao, zikajenga vibanda pembeni ya kambi.

Novemba 1864 kamanda wa kambi, Jenerali Speed Fry, aliamuru watu hao waondolewe. Kama wanawake na watoto 400 walipakiwa kwenye magari ya kukokotwa katika baridi kali, vibanda vikabomolewa. 102 walikufa.

Askari mmoja, Joseph Miller, alitoa ushahidi wa kiapo siku chache baadaye. Mwanawe wa miaka 7 alikuwa mgonjwa. Alimwambia askari wa zamu kwamba mtoto akitolewa nje kwenye baridi ile atakufa. Akajibiwa kwamba familia isipopanda gari watapigwa risasi. Usiku alitoka kwa miguu hadi Nicholasville, akawakuta kwenye jengo la kusalia. Mtoto alikuwa ameshakufa. Ilimbidi arudi kambini usiku uleule. Asubuhi akatembea tena hadi kule, akachimba kaburi, akamzika mwanawe, akarudi kazini.

Soma ushahidi huo polepole na usiupambe. Kisha uliza swali la uongozi: katika ngazi zote, kutoka Fry hadi Ikulu, nani aliamua nini? Utaona mnyororo. Sera ya kuibembeleza Kentucky ilikuwa ya Lincoln. Amri ilikuwa ya Fry. Wakubwa wake waliibatilisha baada ya kelele kufika Washington, na tarehe 3 Machi 1865 Kongresi ikapitisha sheria ya kuwaacha huru wake na watoto wa askari weusi. Ushahidi wa Miller ulikuwa sehemu ya kelele hizo. Askari asiye na cheo aliisukuma sheria, na huo nao ni uongozi.

Tahadhari moja, na ninaiomba kwa moyo wote: usimwombe msikilizaji aliyekimbia vita asimulie yake. Akitaka atasimulia. Mwambie mwanzoni kwamba kutoka nje katikati ya mazungumzo si utovu wa adabu, na picha za maiti za Antietam ziache nyumbani.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maswali matatu yatakayokuja tu

La kwanza: Grant si alikuwa mchinjaji, na Lee si ndiye aliyekuwa fundi? Jibu kwa uwiano. Katika mapigano ya 1864 Grant alipoteza watu wengi zaidi, lakini Lee alipoteza zaidi ya 30,000 kutoka jeshi dogo zaidi ambalo halikuwa na wa kujazia. Na siku ya tatu ya Gettysburg ni Lee aliyewatuma watu 12,000 hivi kuvuka uwanja mtupu.

La pili: Lincoln alikuwa mbaguzi? Toa tarehe, si hukumu. 1858 alisema hadharani kwamba haungi mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weusi na weupe. Agosti 1862 aliandika gazetini kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumkomboa mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Wakati huo rasimu ya Tangazo la Ukombozi ilikuwa tayari imesomwa kwa mawaziri mwezi mmoja nyuma. Tarehe 11 Aprili 1865 alitamka kwamba angependa baadhi ya wanaume weusi, wakiwemo askari, wapige kura. John Wilkes Booth, mwigizaji aliyeiunga mkono Kusini, alikuwa kwenye umati ule, na siku tatu baadaye alimpiga risasi akamwua.

La tatu ni la yule mzee. Lee alisalimu amri Appomattox, Virginia, tarehe 9 Aprili 1865. Grant aliwaruhusu maofisa kubaki na silaha zao za mkononi, askari kuondoka na farasi wao kwenda kulima, na akawapa chakula watu 25,000. Lee alishtakiwa kwa uhaini lakini hakuhukumiwa. Grant mwenyewe alimkingia kifua. Davis alikaa gerezani miaka miwili, akatoka kwa dhamana, hakuhukumiwa pia.

Mzee alisikiliza, akafikiri, akasema, "Basi ni vizuri." Kisha akauliza, "Na wale watumwa, walipewa nini?"

Andaa jibu hilo kwa tarehe. Januari 1865 Sherman alitoa amri ya kuzigawia familia zilizokombolewa mashamba ya hadi ekari 40 kwenye pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Kabla mwaka haujaisha, rais mpya, Andrew Johnson, alikuwa ameanza kuyarudisha mashamba hayo kwa wenye watumwa wa zamani.